Mtoto hawezi kelele kabisa, wikendi mnawapeleka wapi hapa Kampala?

mama_wa_kyaliwajjala:

Habari zenu jamani. Kwetu ni Mombasa lakini nimeolewa huku Uganda mwaka wa kumi na moja sasa, nina watoto wawili, binti wa miaka 9 na kijana wa miaka 6 ambaye ana usonji. Swali langu dogo tu, nyinyi wenzangu wenye watoto kama huyu wangu wikendi mwaenda nao wapi? Manake mimi nimechoka, nimechoka ile ya kukaa paking ndani ya gari milango imefungwa, mimi nalia, yeye analia, na dadake yuko nyuma kimya anatuangalia.

Shida yake ni kelele, lakini si kelele zote, hapo ndipo watu hawanielewi. Jenereta ya jirani anaipenda, ikiwashwa tu anakimbia kuegemeza shavu ukutani pale panapotetema na anaweza kukaa hapo saa nzima ametulia kama kuku anayeatamia. Lakini sauti ya mtu kwenye maiki, hapana. Baluni kupasuka, hapana. Ile mashine ya kukaushia mikono chooni ndio usiseme, siku hizi kabla hajaingia choo cha nje lazima mimi nitangulie nikachungulie ukutani kama ipo. Na hizi bizindaalo, yaani vipaza sauti vya wauza dawa ya panya zinazopita mtaani asubuhi, hizo ndio adui nambari moja.

Mwezi jana tulialikwa bethdei kwenye mkahawa mmoja wenye sehemu ya watoto kucheza, sitautaja. Nikapiga simu kabla nikauliza kuna muziki? Nikajibiwa kidogo tu nyabo, yaani mama. Tunafika saa nane, hiyo kidogo tu yenyewe ni spika mbili urefu wangu mimi na MC anapiga mayowe "watoto mko wapiii!" Kijana akaingia chini ya meza akaziba masikio akaanza kugonga kichwa kwenye mguu wa meza, tak, tak, tak. Nami nikaingia huko huko chini na gauni langu, nikaweka kiganja kati ya kichwa chake na ule mguu wa meza. Kuna mama akainama kutuchungulia, nikadhani anataka kusaidia kumbe anataka kuniambia huyo umemdekeza, mpige kofi moja tu atanyamaza. Sasa dadake wakati huo alikuwa kwenye foleni ya kuchorwa uso, amengoja muda wote huo na zamu yake ndio kwanza imefika, akachorwa kipepeo bawa moja, tukaondoka. Bawa moja jamani. Hakulalamika, na hilo ndilo linaniuma kushinda maneno ya yule mama.

Kumfungia ndani sitaki, na binti pia ana haki yake ya kutoka. Naomba mahali ambapo nyinyi wenyewe mmefika, si pale mlipoona picha tu. Tuna gari dogo lakini baba yao ni mtu wa safari kwa hivyo mara nyingi ni mimi peke yangu na hao wawili.

baba_kireka:

Pole sana dada. Wangu ni binti wa miaka 5, yeye ni kelele pamoja na taa zile za kumetameta, kwa hivyo supamaketi mwezi wa Disemba kwetu ni marufuku. Nakupa mahali pawili ambapo tumeenda mpaka wanatujua.

Kwanza hekalu la Wabahai kule Kikaaya, mlimani, unashika njia ya Gayaza. Usiogope eti ni mahali pa dini, hakuna anayekuuliza wewe wa dini gani, mimi mwenyewe ni Mkatoliki. Lilifunguliwa 1961 na ndilo la kwanza lao Afrika. Nyasi zinateremka kila upande, miti mikubwa, Kampala unaiona kule chini lakini huisikii. Na kuna kitu sikukijua mpaka nilipoingia ndani Jumapili moja, kwa utaratibu wao ndani ya hekalu hawapigi ala yoyote, hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna mahubiri, ni watu kusoma na kuimba kwa koo zao tu basi. Nilikaa karibu na mlango nikingoja binti aanze kulia, ule moyo wa kungoja unaujua wewe, hakuanza. Alikuwa anahesabu milango. Iko 9, kwa hivyo wa kutokea huwezi kuukosa. Ila si mahali pa mpira wala sufuria za pilau, watu wanasali, kama ni siku mbaya na mtoto anapiga mayowe mbaki nje kule kwenye miti.

Pa pili ni makumbusho ya taifa pale Kitante. Watu wa Kampala wamepasahau, ukimtajia mtu anakumbuka alienda na basi la shule alipokuwa P.5, darasa la tano, halafu basi. Yalianzishwa 1908 na ni kama hakuna aliyekimbilia kuyawekea taa za disko, mungu asifiwe. Sisi twaenda Jumamosi asubuhi mapema. Utamu wake uko nje huko nyuma kwenye zile nyumba za kienyeji za makabila, unainama unaingia, ndani giza, kimya, harufu ya nyasi kavu. Binti akizidiwa ndio kimbilio lake, anaingia kibanda kimoja kile kile anakaa chini anachora mchanga na kidole. Siku ya kwanza mlinzi alikuja mbio na filimbi, nikamweleza pole pole, sasa hivi akituona getini anasema "mwenye nyumba amekuja". Ubaya ni mmoja, kuna chumba cha ala za muziki, na ikitokea kuna wanafunzi ndani na mtu akaamua kuwaonyesha ngoma inavyopigwa umekwisha. Uliza getini kwanza kama kuna shule.

Halafu nunua vile vifunika masikio vya mafundi wanaokata vyuma, vinauzwa kwenye duka za hadweya. Usihangaike na hedifoni za bei. Vya binti yangu vimejaa stika mpaka rangi yake siikumbuki.

nyanya_bombo:

Wanangu mimi nalea mjukuu wa miaka 7, na nasoma hapa nashangaa kidogo. Kimya kimya kimya, kwani dunia ina kimya? Sisi Wanubi harusi yetu ni doluka, ngoma yetu ya kucheza, mpaka usiku wa manane, huyu mtoto nitampeleka wapi, nimtoe ukoo? Mimi namzoesha. Siku ya harusi tunafika asubuhi wakati wanawake wanapika, anakaa na mimi nyuma ya nyumba anapepeta mchele, hapo mikono yake ina kazi na roho yake imetulia. Ngoma zikianza anazisikia kwa mbali. Zikisogea, tunaaga. Mara ya kwanza tulikaa kidogo sana nikarudi nyumbani na hasira zangu, juzi amengoja mpaka chakula akala akashiba. Msiwafiche.

baba_kireka:

Shikamoo nyanya. Lakini hapo umesema kile kile ninachosema mimi, umemchagulia saa na umemwachia mlango. Mimi ninaowakataa ni wale wa kumshika mtoto mikono ili asizibe masikio eti azoee.

nyanya_bombo:

Marahaba. Huyo anayeshika mtoto mikono nileteeni mimi nimshike masikio.

ticha_wa_jinja:

Mimi nafundisha, shule yetu ina kitengo cha mahitaji maalum, kwa hivyo mama nitakupa siri kutoka upande wa sisi tunaoharibu mambo. Kile kituo cha wanyama cha Entebbe, ambacho sote tunaendelea kukiita zuu, kipo tangu 1952 na kila shule ya nchi hii inadhani ni yake. Muhula wa pili hasa mwezi wa sita na wa saba mabasi hayakatiki. Lakini sisi tunatoka mbali, tunapita jamu, kuna mtoto amesahau sweta tunarudi, kuna ametapika tunasimama, hatufiki mapema hata siku moja. Ukiwa getini wakati wanafungua una kama saa mbili za amani. Jumapili alasiri usijaribu.

Na usianze na sokwe! Kila mtu anakimbilia sokwe. Wale wakiona chakula kinakuja wanapiga kelele ambazo hata mimi mtu mzima nywele zinasimama. Anza na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Anasimama tu. Nilikuwa na mwanafunzi hakuwahi kukaa mahali dakika tano, alimwangalia yule ndege na ndege akamwangalia, wote wawili hakuna aliyepepesa jicho, mwishowe dereva wa basi akaanza kupiga honi tunachelewa. Sijui walikuwa wanazungumza nini.

Bustani ya mimea ya Entebbe pia, ile ya tangu 1898 kando ya ziwa. Siku za kazi ni kama yako peke yako. Jumapili watu wanaleta spika na kuku, achana nayo. Tumbili ni wengi na hawana adabu, mtoto asishike ndizi mkononi, wataichukua na atalia siku tatu. Na kama kijana anapenda maji tafadhali usimwache aingie ziwani, kichocho kipo Ziwa Victoria na hakionekani kwa macho. Sisi tunabeba beseni na jerikeni ya maji ya bomba, tunaweka kivulini, kila mtu anarusha anavyotaka anaona ziwa mbele yake na roho inaridhika.

Ukitaka kuja huku kwetu Jinja karibu sana, ila jiandae na Namawojjolo, lile soko la vyakula kando ya barabara. Gari likipunguza mwendo tu umezungukwa, mishikaki ya kuku dirishani, gonja (ndizi za kuchoma) dirishani, soda dirishani, mikono kumi na wote wanaita. Funga vioo kabla hujafika sokoni na umwambie kijana mapema watakuja watu watagonga halafu watabaki nyuma. Kwetu tumeugeuza mchezo, tunahesabu kuku.

baba_wa_kijana_15:

Nafurahi kuona mazungumzo haya lakini naona wote mna watoto wadogo. Wangu ana miaka 15 na amenipita urefu. Haongei. Akifurahi anapepea mikono na kutoa sauti ya mmmmm nzito, na sauti imevunjika sasa. Alipokuwa na miaka 6 watu walikuwa wanasema masikini, sasa wanasema shika begi lako. Ufukweni mwaka jana alikuwa anapepea karibu na maji, wanawake wawili wakasimama wakabeba watoto wao, mlinzi akaja na rungu kabisa anauliza huyu amekunywa nini. Nilikuwa nimeenda kununua chapati hatua ishirini tu. Tangu siku ile tunavaa fulana za rangi moja mimi na yeye, ili mtu akimwona aone kwamba ana mwenyewe. Najua ni kitu cha ajabu mwanamume mzima kuvaa sare na mwanawe kama kwaya lakini inasaidia kuliko maelezo yote.

Kwenye bwawa moja la kuogelea walituzuia mlangoni, eti atawatisha wateja. Sikubishana, nilirudi nyumbani nikasoma sheria ya watu wenye ulemavu ya 2020, inakataza kumbagua mtu kwenye huduma kwa sababu ya ulemavu wake. Nikaichapisha ile sehemu, naikunja nakaa nayo kwenye pochi. Bado sijaitoa.

Sasa mahali petu. Kayabwe, pale ikweta, njia ya Masaka, kilomita sabini na kitu kutoka Kampala. Siyo kwa ajili ya picha kwenye ile duara nyeupe. Pale kuna jamaa wenye makarai ya kuonyesha maji, la kaskazini maji yanazunguka hivi yakishuka tunduni, la kusini yanazunguka vile, la katikati yanashuka moja kwa moja, wanaweka kaua juu ili uone. Kijana wangu kitu kinachozunguka ndio maisha yake, feni, tairi, sinki. Akatazama mara moja. Akaonyesha kwa mkono, tena. Tena. Jamaa alikuwa na moyo, nilimlipa mara mbili lakini baada ya hapo alikuwa anamimina bure. Mara ya sijui ngapi kijana akamchukua jagi mkononi, taratibu bila kumnyang'anya, akamimina mwenyewe kwenye karai la kaskazini kutoka upande mwingine na maji yakazunguka kinyume! Kaua likaenda kule lisikotakiwa kwenda. Jamaa akaniangalia, nami nikamwangalia. Mwalimu mmoja wa fizikia alishaniambia siku nyingi kwamba ni mkono wa mmiminaji, dunia kuzunguka haiwezi kusukuma maji ya karai dogo vile, lakini mwanangu hajasoma fizikia, yeye alitazama mkono. Jamaa akacheka akasema mzee huyu nimwachie kazi.

Nenda asubuhi sana, kwa sababu ni barabara kuu na malori yanapita na honi zake, na mtoto mdogo umshike mkono muda wote. Asubuhi watalii hawajafika na jamaa hana haraka.

mama_wa_kyaliwajjala:

Jamani nimesoma hii ya karai nimecheka peke yangu jikoni mpaka binti akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea. Asanteni sana, nyanya shikamoo. Ticha, swali, watu wasio na gari wanafanyaje? Dada yangu wa Nsambya naye ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo na anapanda kamunye, hizi matatu za huku.

ticha_wa_jinja:

Kamunye ni mtihani. Wazazi wetu wengi wanafanya hivi, wanapandia stendi ya mwanzo gari likiwa tupu, si katikati ya njia, wanachukua kiti cha mbele na dereva na kulipia viti vyote viwili ili konda asimsukumie mtu wa tatu. Na unamwomba dereva azime redio kabla hamjaondoka, akikataa unashuka unangoja la nyuma. Ni ghali, sitakudanganya. Kwa yule anayebebwa wengi wanashirikiana familia mbili tatu wanakodi gari moja la siku.

mama_wa_kyaliwajjala:

Narudi na ripoti, wiki mbili baadaye.

Tulienda Kikaaya Jumamosi. Tumeondoka nyumbani mapema, vifunika masikio tayari (vya manjano, akakataa kuvivaa akavivalisha dubu lake), tumefika hakuna mtu, ukungu bado uko kule bondeni, ndege tu. Nikasema moyoni alhamdulillahi leo ni leo. Hatujamaliza hata robo saa, nasikia vvvrrrrrr. Jamaa wa bustani amewasha mashine ya kukata nyasi, ile ya kubeba begani. Baba Kireka hukuniambia habari ya mashine! Nikaanza kukusanya vitu vyangu haraka haraka, mkeka, chupa, viatu, namtafuta kijana kwa macho simwoni, moyo umeniruka.

Kumbe yuko kule. Anamfuata fundi wa nyasi. Ameacha nafasi nzuri tu katikati yao, fundi akipiga hatua naye apiga, fundi akisimama naye asimama, na uso wake ni ule uso wa ukuta wa jenereta. Nikakimbia kumwomba radhi yule jamaa kwa sababu ya mawe kuruka na kadhalika, akazima, na kijana akaanza kulia kwa sababu IMEZIMWA. Jamaa akanitazama kama mimi ndiye mwenye matatizo. Tukakubaliana kijana akae juu ya kisiki kimoja mbali kidogo na yeye akate kumzunguka. Alikaa pale mpaka mafuta ya mashine yakaisha. Nimeendesha gari kote huko kutafuta kimya na mwenzangu ameenda kuchagua kelele moja iliyokuwepo mlima mzima.

Binti yeye alikuwa anajibiringisha kwenye mteremko, anapanda, anajibiringisha, nguo zimekuwa kijani, nikamwita mara moja kumwambia hapa watu wanasali akanijibu mama hata mimi sipigi kelele. Kweli hakuwa anapiga. Tulikaa mpaka karibu saa sita na tuliondoka kwa sababu ya njaa tu, mara ya kwanza kabisa tunaondoka mahali kwa sababu ya njaa.

Makumbusho bado, Entebbe nitangoja shule zifunge na nifike kabla ya ticha na mabasi yake. Lakini binti ameshika Kayabwe, kila siku Kayabwe, ameshaanza kumimina maji kwenye sinki la jikoni na kikombe akizunguka pande zote na kakake amesimama kwenye kiti anatazama tundu. Baba wa kijana, mwaenda tena lini? Na hizo fulana ni za rangi gani tutafute zetu.

baba_wa_kijana_15:

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunatoka Kampala kabla jua halijatoka. Za machungwa. Njooni na jagi lenu, la yule jamaa kijana wangu huwa harudishi haraka.